Mswada na Tasnifu kwa Mkono Mmoja

Katika chumba cha walimu cha sekondari yoyote ya Tanga, iwe Usagara pale mjini au shule ya kata huko ndani Mkinga, hakosekani mwenye mswada. Kuna riwaya iliyofika sura ya saba ikakwama, diwani iliyojaa kaunta buku mbili, tamthilia iliyoandikwa yote kwenye simu. Mwenye mswada akishakaa kazini miaka michache na shahada yake ya kwanza, swali linaanza kumsumbua: arudi chuo? Na akirudi, asomee kuhakiki vitabu vya wenzake au asomee kuandika vyake?

Vyuo vya nje vina shahada za kumjibu "vyote viwili". Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilifungua warsha yake ya waandishi mwaka 1936, na mtu akaweza kupata shahada ya uzamili kwa hadithi alizotunga. Uingereza ilisubiri hadi 1970, Malcolm Bradbury na Angus Wilson walipoanzisha uzamili wa uandishi wa kubuni katika Chuo Kikuu cha East Anglia, mwanafunzi wao wa kwanza akiwa Ian McEwan. Kazuo Ishiguro, mshindi wa Nobeli ya 2017, naye alipita hapo hapo. Kisha uandishi na fasihi vikaoanishwa hadi ngazi ya uzamivu. University of Southern California na University of Houston zina uzamivu unaobeba majina yote mawili. Uingereza, mtahiniwa huwasilisha riwaya nzima au diwani, na pamoja nayo tasnifu ya uhakiki ambayo mara nyingi hufika maneno 20,000 au 30,000, halafu huitwa mbele ya watahini kuvitetea vyote. Wamarekani huongeza kozi za fasihi za miaka kadhaa na mitihani mizito kabla ya mtu kuachiwa aandike.

Anayependa nusu moja tu ya mzigo huo ni bora ajijue mapema. Mtunzi asiyestahimili kukaa na nadharia za Bakhtin au Fanon mpaka usiku atauona mwaka wa kwanza kama adhabu. Mhakiki hodari ambaye hadithi zake hazisimami hataingia kabisa, kwa sababu kitu kinachosomwa kwanza na wanaochagua ni ile sampuli ya kazi ya kubuni. Cheti cha alama nzuri hakiiokoi sampuli mbovu.

Sasa nyumbani. Atakayepekua orodha za uzamili za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dodoma, SUZA ya Zanzibar au Chuo Kikuu Huria atakutana na Kiswahili, Fasihi, Isimu, Sanaa za Maonyesho. Shahada iliyoandikwa waziwazi kuwa ni ya uandishi wa kubuni pamoja na fasihi ndiyo adimu. Maana yake ni kwamba anayesoma hapa nchini huziunganisha nusu mbili kwa akili yake mwenyewe. Anayekwenda nje huunganishiwa na chuo, lakini karibu kila mara kwa Kiingereza. Uamuzi wote wa mwandishi wa Tanga umelala kati ya mambo hayo mawili.

Kabla ya kufika huko, haki itendeke. Mtunzi mkubwa kuliko wote waliotoka pwani hii hakuwa na shahada yoyote ya kusomea. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, jirani na Machui, tarehe 1 Januari 1909. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, akaingia ukarani wa serikali ya kikoloni akianzia forodhani, na aliendelea kuwa mtumishi huku akitoa kitabu baada ya kitabu: Kusadikika mwaka 1951, Adili na Nduguze mwaka uliofuata. Alifariki Tanga mwaka 1962. Kwa hiyo anayesema kwamba shahada haiandiki kitabu hatapata wa kumbishia katika mkoa huu. M. G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam, alisomea fizikia ya nyuklia hadi uzamivu na bado akawa mwandishi wa riwaya anayeheshimiwa duniani.

Lakini yupo mtu mwingine wa kuangaliwa kwa utulivu zaidi, na mfano wake una manufaa kwa mwenye mswada kuliko mabishano hayo. Euphrase Kezilahabi alitoka Ukerewe, akamaliza shahada ya kwanza Dar es Salaam mwaka 1970. Rosa Mistika ilichapishwa 1971 na ikapigwa marufuku shuleni. Mwaka 1974 zilitoka Kichwamaji na diwani ya Kichomi, ile iliyowakasirisha watetezi wa vina na mizani. 1975 ikaja Dunia Uwanja wa Fujo. Mwaka 1976 alikamilisha tasnifu ya uzamili hapo Dar es Salaam, kwa Kiswahili, na mada yake ilikuwa Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Tazama mpangilio huo. Kijana aliyekuwa anaivunja riwaya ya kimaadili kwa mkono mmoja alikuwa anaichunguza kwa mkono mwingine, ukurasa kwa ukurasa, katika kazi za mzee wake. Hakuna chuo kilichompa shahada ya "uandishi na fasihi". Aliijenga mwenyewe kwa kuchagua mada iliyokuwa inamhangaisha akiwa mtunzi.

Hakuishia hapo. Alikwenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, na mwaka 1985 akapata uzamivu kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Aliporudi kwenye riwaya alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba, vigumu, visivyofanana na chochote alichoandika kabla. Wasomaji wengi waliompenda kwa Rosa Mistika walimpoteza njiani. Kila mmoja ana maoni yake kuhusu hilo, lakini anayetaka kujua tasnifu inaweza kumfanya nini mtunzi avisome vitabu hivyo viwili kabla ya kujaza fomu yoyote. Masomo ya juu huenda yakambadilisha mtu asirudi kwenye mswada aliouacha. Arudi na mswada mwingine kabisa. Mwenye riwaya iliyobakiza sura tatu aimalize kwanza.

Waandishi wengine walifuata njia zinazofanana. Ebrahim Hussein wa Kilwa alikuwa amekwisha kuchapisha Kinjeketile, 1969, alipokwenda Berlin na kupata uzamivu Chuo Kikuu cha Humboldt mwaka 1975 kwa utafiti wa maendeleo ya tamthilia Afrika Mashariki. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar alipata wake Leipzig mwaka 1985, akaendelea kutunga riwaya huku akifundisha. Ken Walibora wa Kenya alitoa Siku Njema mwaka 1996, riwaya ambayo shujaa wake Kongowea anazaliwa hapa hapa Tanga kwa mama mwimba taarabu, na uzamivu wake wa Ohio State ulikuja 2009, miaka 13 baadaye. Wote hao walikwenda kusomea uhakiki. Utunzi walikuwa nao tayari mkononi, na shahada iliwapa maktaba, mshahara wa kufundisha na watu wa kuzungumza nao.

Kwa mwalimu wa Tanga anayeandika kwa Kiswahili, hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kufikiria, na haina unyonge wowote. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TATAKI, iliyoundwa mwaka 2009 kwa kuiunganisha Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, na Idara ya Kiswahili, inapokea tasnifu zilizoandikwa kwa Kiswahili. Idara ya Fasihi ya chuo hicho hicho hutumia Kiingereza. Tofauti hiyo ijulikane kabla ya kuomba, maana mtu anaweza kuomba "fasihi" akidhani atasoma Shaaban Robert akajikuta anasoma Shakespeare na Achebe. Hilo nalo si baya, mradi awe amelichagua.

Kigezo cha kuingia uzamili kwa kawaida ni wastani wa GPA usiopungua 2.7 katika shahada ya kwanza. Mpango wa kozi na tasnifu humaliza mwaka mzima wa kwanza kwa mihadhara, mawasilisho na mitihani. Mwaka huo huua miswada. Mwenye busara huingia na rasimu iliyokamilika, hata ikiwa chafu, aiweke pembeni, kisha airudie mwaka wa pili wakati wa tasnifu, akiwa na jicho jipya.

Asiyeweza kuhamia Dar es Salaam, kilomita 350 hivi kutoka nyumbani, ana Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1992 na kina kituo Tanga, na tasnifu zake za uzamili wa Kiswahili zenye mwelekeo wa fasihi ni nyingi. Mwandishi wa tamthilia Emmanuel Mbogo, yule wa Ngoma ya Ng'wanamalundi, alifundisha na kusimamia wanafunzi katika chuo hicho. Hapo pana somo la maana: mwombaji asitazame jina la chuo peke yake. Atafute nani anasimamia, amewahi kutunga nini, na wanafunzi wake humaliza kwa muda gani. Msimamizi aliyewahi kuandika hadithi hata moja huuliza maswali ambayo mhakiki mtupu hayamjii. Hatari ya masomo ya masafa ni upweke, na miaka miwili kugeuka mitano bila mtu kugundua. Dawa yake ni ya kawaida tu: watu watatu au wanne wenye miswada wakubaliane kukutana Maktaba ya Mkoa Jumamosi moja kila mwezi, kila mmoja akiwa amesoma kurasa za mwenzake kabla ya kufika. Warsha ya Iowa, ukiondoa majengo na fedha, inaendeshwa hivyo hivyo.

Kwenye mada ya tasnifu, Tanga ni tajiri kiasi cha kuaibisha. Wanafunzi wengi hukimbilia "usawiri wa mwanamke katika riwaya fulani" kwa sababu kuna tasnifu ishirini za kunakili muundo wake, na watahini wameshachoka nayo. Wakati huo huo, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Pangani alitunga utenzi kuhusu vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kuitamalaki pwani ya Mrima mara tu baada ya vita vyenyewe, vita vilivyomfikisha Abushiri, aliyeongoza upinzani, kitanzini Pangani mwezi Desemba 1889. J. W. T. Allen aliuchapisha utenzi huo, na hati za Kiswahili alizozikusanya katika pwani hii zimehifadhiwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na orodha yake iliyochapishwa mwaka 1970. Mtu anayeandika riwaya ya kihistoria ya Pangani na papo hapo akauchambua utenzi wa Hemedi kwa ajili ya uzamili anafanya kazi moja kwa majina mawili. Msamiati wa vita, majina ya majumbe, namna watu wa Mrima walivyoikumbuka mizinga: vyote vinaingia kwenye tasnifu, na vyote vinaingia kwenye riwaya.

Taarabu ni hazina nyingine. Black Star na Lucky Star, vikundi vya Tanga vilivyoitikisa pwani nzima, viliacha tungo ambazo uhakiki wake wa kifasihi haujamalizwa. Mmarekani Kelly Askew alifanya utafiti wake Tanga miaka ya 1990 na kitabu kilichotokana nao, kilichotoka 2002, kinasomwa vyuoni. Kuna gazeti la Kiongozi lililochapishwa Tanga enzi za Wajerumani, likiwa na barua, habari na mashairi ya wasomaji. Kuna Shaaban Robert mwenyewe, ambaye insha zake zimeandikiwa machache kuliko riwaya zake. Wageni hutafuta fedha za ndege, viza na vibali ili wafike kwenye vitu hivi. Mwenyeji anavifikia vingi kwa daladala, akiwa na barua ya utambulisho kutoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa.

Njia ya pili ni ile ya kwenda kuunganishiwa. Mwafrika Mashariki wa mwanzo kuipita ni Taban lo Liyong, aliyemaliza Iowa mwaka 1968 akiwa Mwafrika wa kwanza kupata shahada ya uandishi pale. Yvonne Adhiambo Owuor wa Kenya, aliyeandika riwaya ya kisiwa cha Pate, alisoma uzamili wa uandishi wa kubuni katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Idza Luhumyo, mwanapwani wa Kenya aliyeshinda Tuzo ya Caine mwaka 2022, alianza na sheria Nairobi, akaenda SOAS, London, kwa fasihi linganishi na Texas State kwa uandishi. Yeye alizichukua nusu mbili katika vyuo viwili.

Mfano ulio kamili zaidi ni wa Jennifer Nansubuga Makumbi. Alikuwa mwalimu wa sekondari Uganda, jambo ambalo walimu wa Tanga watalitambua upesi. Alikwenda Manchester kwa uzamili wa uandishi, kisha akafanya uzamivu Chuo Kikuu cha Lancaster, na kazi yake ya kubuni huko ndiyo iliyokuja kuwa Kintu. Wachapishaji wa Uingereza waliikataa kwa kuiona ya Kiafrika mno. Ilishinda shindano la miswada la Kwani? huko Nairobi mwaka 2013, ikachapishwa Nairobi mwaka 2014, na Uingereza yenyewe ikaja kuichapisha baadaye, mwaka 2018, mwaka ule ule Makumbi alipopata Tuzo ya Windham-Campbell. Shahada ilimpa miaka ya kuandika riwaya kubwa chini ya wasomaji wakali. Soko haikumpa, na chuo chochote kinachodokeza kuwa kitampa mtu mchapishaji kinasema zaidi ya uwezo wake.

Na yupo ambaye hakumaliza. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda Leeds mwaka 1964 kwa uzamili wa fasihi, akarudi mwaka 1967 bila shahada na akiwa na A Grain of Wheat. Wanaopenda kumtaja kama kisingizio cha kuacha masomo wakumbuke kwamba tayari alikuwa ameandika riwaya mbili akiwa Makerere.

Jambo linalozungumzwa kidogo sana ni lugha. Msimamizi wa uandishi huko East Anglia au Houston lazima aweze kusoma anachokisimamia, na asiyejua Kiswahili hawezi kumwambia mtu kwamba sentensi yake imelegea. Mwombaji anayeota kwenda Uingereza kuandika riwaya ya Kiswahili atakwama kwenye barua pepe ya kwanza. Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobeli ya 2021, alipata uzamivu wake Kent mwaka 1982 kwa utafiti wa uhakiki wa riwaya za Afrika Magharibi, akatoa riwaya yake ya kwanza 1987, na maisha yote akaandika kwa Kiingereza. Watanzania wengi walimfikia kwa Kiswahili baada ya Ida Hadjivayanis kuitafsiri Paradise, ikatoka Dar es Salaam mwaka 2022 kwa jina la Peponi.

Tafsiri hiyo inaonyesha mlango wa pembeni. Mtu mwenye Kiswahili kizuri na Kiingereza cha kutosha anaweza kuomba masomo ya tafsiri ya fasihi, ambako kazi ya kubuni na uhakiki hukutana kwa lazima, na ambako Kiswahili ni mtaji. Vyuo vyenye wataalamu wa fasihi ya Kiswahili kama SOAS, Bayreuth na Napoli viko tayari kusoma maandishi ya Kiswahili, ingawa shahada zao huegemea utafiti. Kongamano la Kiswahili la Bayreuth, linalofanyika kila mwaka tangu miaka ya 1980, ni mahali pa kuwasikia watu hao na kuwaandikia baadaye kwa jambo mahususi.

Fedha, sasa. Ushauri wa kweli ni mkali: mtu asiuze shamba la minazi wala kukopa benki kwa ajili ya shahada ya uandishi. Mwaka mmoja wa uzamili Uingereza humtoza mgeni ada kubwa kuliko mshahara wa miaka mingi wa mwalimu, kabla hajalipa kodi ya chumba. Programu bora za Marekani, Iowa, Michigan na Cornell zikiwemo, huwafadhili wanafunzi wao kwa kuwasamehe ada na kuwalipa posho, mara nyingi wao wakiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza uandishi wa Kiingereza. Ushindani wake unatisha. Cornell huchukua watu 8 tu kwa mwaka katika riwaya na ushairi kwa pamoja. Ufadhili wa Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, hudai uzoefu wa kazi na humtaka aliyefadhiliwa arudi kwao angalau miaka miwili. Fulbright hupeleka watu Marekani. DAAD ya Ujerumani hufadhili hata wanaosoma vyuo vya Afrika Mashariki, na wengi hawalijui hilo.

Zipo pia tuzo, ambazo humfaa mtunzi kwa namna mbili: fedha, na ushahidi kwenye fomu ya maombi kwamba kuna waliomsoma wakamkubali. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, hutolewa tarehe 13 Aprili tangu 2023, na mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada ambayo haijachapishwa. Mohammed Ghassani wa Zanzibar ni miongoni mwa washindi wake wa mwanzo kwa upande wa ushairi. Kwa anayeandika Kiswahili, kushinda au hata kuingia orodha fupi ya tuzo hizi kuna uzito kuliko cheti cha semina yoyote.

Anayeamua kuomba nje ajipe mwaka mzima. Programu nyingi za Marekani hufunga maombi kati ya Desemba na Januari kwa masomo ya Agosti inayofuata, na Chevening hufunguliwa Agosti. Sampuli ya hadithi huwa kurasa 20 hadi 30, ya mashairi huwa kama kurasa 10, na iwe kazi bora, hata kama si ile inayopendwa sana na mwandishi. Sura ya kwanza ya riwaya ndefu mara nyingi ni chaguo baya, kwa sababu inaahidi tu. Hadithi fupi iliyokamilika inaonyesha mtu anajua kumaliza. Maelezo binafsi yaache habari za kupenda kusoma tangu utotoni, ambazo kila mwombaji anazo. Yaseme mswada unahusu nini, swali gani la kifasihi limezaliwa humo, na kwa nini wasimamizi wa chuo hicho ndio wa kulijibu. Maelezo kama "riwaya ya wavuvi wa Kigombe, na uchunguzi wa namna tenzi za Mrima zinavyosimulia kushindwa" yana mahali, yana watu na yana swali. Wadhamini waandikiwe wiki sita kabla, wakiwa wametumiwa sampuli ile ile, ili barua zao zizungumzie maandishi na si mahudhurio.

Mtumishi wa umma ana kikwazo kingine, kidogo kwenye karatasi na kikubwa maishani. Ruhusa ya masomo hutoka kwa mwajiri, na kwa mwalimu ni mkurugenzi wa halmashauri. Aliyepanda basi bila barua huhesabika mtoro kazini, na shahada haimwokoi akirudi. Ombi hilo lianze mapema, na litaje masomo kwa namna inayoeleweka ofisini: "Kiswahili" hupita kwa urahisi kuliko "uandishi wa kubuni", ambao afisa utumishi anaweza kuuona ni starehe.

Kisha kuna siku ya baada ya mahafali. Shahada ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa utambuzi, na anayetaka kufundisha chuo kikuu hapa aulize mapema kama uzamili wa uandishi utatosha au idara itamtaka awe na uzamivu. Marekani uzamili huo, MFA, huhesabiwa kuwa shahada ya mwisho katika fani yake. Vyuo vya hapa vina ngazi zao, na mtu asigundue tofauti hiyo kwenye usaili.

Na jambo moja ambalo wanafunzi hulisahau hadi kunakuwa kumeharibika. Vyuo vingi huweka tasnifu iliyopita kwenye hifadhi yake ya mtandaoni, wazi kwa dunia nzima. Kwa uhakiki ni heri, kwa riwaya ni hasara: mchapishaji anaweza kusita kununua kitabu ambacho kila mtu anaweza kukipakua bure. Vyuo vyenye uzoefu huwa na fomu ya kuomba sehemu ya kubuni ifungwe kwa miaka kadhaa. Fomu hiyo iombwe ofisini wiki ile ile ya kuwasilisha nakala ya mwisho, ijazwe, isainiwe na msimamizi, na mwandishi abaki na nakala yenye muhuri.